Wastaafu wakae kwenye bodi za wazee, lakini ubosi waache mlangoni

Sherehe za kuwaaga wastaafu hufanana karibu katika kila ofisi ya nchi hii. Mkuu wa idara husoma wasifu, wenzake hutoa ushuhuda, kamati hukabidhi friji, godoro, mabati au bahasha, na kila anayeshika kipaza sauti humtakia mzee mapumziko mema. Miezi michache baadaye, mhasibu aliyefunga hesabu za halmashauri kwa miaka 30 anashinda bandani na vifaranga. Muuguzi aliyeongoza wodi nzima anashinda kibarazani akisubiri wajukuu warudi shule. Na katika kata hiyohiyo ipo asasi ya wazee yenye katiba nzuri na cheti cha usajili kilichotundikwa ukutani, ila daftari lake la fedha halijaandikwa tangu mweka hazina alipougua. Mstaafu mwenye ujuzi na asasi isiyo na mtu wa kufunga hesabu wanakaa mtaa mmoja na hawajuani. Siku wakikutana, mara nyingi asasi humwomba awe mgeni rasmi.

Hilo la mgeni rasmi ndilo linalonisukuma kuandika. Msimamo wangu ni kwamba wataalamu wastaafu wana wajibu wa kujitolea kwenye bodi za asasi za wazee, na kwamba asasi hizo zinawahitaji wao kuliko zinavyohitaji mfadhili mpya. Ila waingie kuwatumikia wazee ambao maishani mwao hawakuwahi kuwa na mwajiri, wala barua ya kustaafu, wala pensheni. Anayetafuta bodi ili aendelee kuitwa mheshimiwa ataiumiza asasi kuliko asiyekuja kabisa.

Mzee na mstaafu si mtu mmoja

Tunapenda kuwataja wastaafu na wazee kwa pamoja, na ni rahisi kuamini kwamba ni kundi moja. Mtumishi wa umma wa Tanzania anaweza kustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55 na kwa lazima akifika 60. Akitoka, ana namba yake kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii. Mwaka 2018 mifuko iliunganishwa, tukabaki na PSSSF kwa watumishi wa umma na NSSF kwa sekta binafsi, na mwaka huohuo nchi ikaingia kwenye mjadala mkali wa kikokotoo, yaani kanuni mpya ya kukokotoa mafao ya wastaafu. Desemba 2018 kanuni hiyo ilisitishwa. Julai 2022 kilikuja kikokotoo kingine kilichoweka malipo ya mkupuo kuwa asilimia 33, na bajeti ya mwaka 2024 ikapandisha kiwango hicho hadi asilimia 40 kwa wale ambao zamani walikuwa wakipata asilimia 50. Walimu walilalamika, wabunge walisimama, redio zilijaa simu za wasikilizaji. Walikuwa na haki ya kulalamika, kwa kuwa fedha ile ni jasho lao.

Lakini ni nani hakusikika katika mjadala ule wote? Hakusikika mkulima wa mtama wa Bahi, wala mvuvi wa Kilwa, wala mama aliyekaanga mihogo kwenye kona ya mtaa kwa miaka 40 akasomesha watoto watano. Hao kikokotoo hakiwahusu, kwa sababu hakuna aliyewahi kuwakata mchango. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu Watanzania zaidi ya milioni 2.5 wenye miaka 60 na kuendelea, sawa na takriban asilimia 5.6 ya watu wote wa wakati ule, na wengi wao waliishi vijijini kwa jembe na biashara ndogondogo. Kwao uzee hauna sherehe ya kuagwa. Wanafanya kazi mpaka mwili ukatae, na ukikataa wanamtegemea mtoto aliye mjini, ambaye naye ana kodi ya nyumba na ada za shule. Kaya nyingi zinaijua hesabu hii vizuri: dawa za presha za bibi zikinunuliwa, daftari za mtoto zinasubiri.

Tena wapo wazee ambao badala ya kulelewa wamegeuka walezi. Mkoani Kagera, ambako ugonjwa wa Ukimwi uliondoa wazazi vijana kwa wingi, bibi wengi walirudia kazi ya kulea wakiwa na miaka 65 au 70. Huko Nshamba, wilayani Muleba, shirika la Kwa Wazee lilianza mwaka 2003 kuwapa wazee wa aina hiyo pensheni ndogo ya kila mwezi, kwa kutambua kwamba shilingi inayowekwa mkononi mwa bibi ndiyo inayonunua sabuni na viatu vya shule vya mjukuu. Ukiwa mjumbe wa bodi ya asasi ya wazee, huyo bibi ndiye bosi wako. Je, mkurugenzi mstaafu aliyezoea kupokewa mkoba mlangoni anajua kwamba amepata bosi mpya?

Pasipokuwa na tahadhari, bodi iliyojaa wastaafu watupu itazungumza mambo ya wastaafu. Ajenda ya kwanza itakuwa malimbikizo ya pensheni, ya pili kadi za bima, ya tatu kiwanja cha kujenga ukumbi. Yote ni mambo ya kweli. Lakini chukua mfano wa mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri. Mgawanyo wake unajulikana: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Wazee kama kundi hawamo. Mwalimu mstaafu mwenye kiinua mgongo anaweza asilione pengo hilo, kwa sababu hana shida nalo. Mzee anayefuga mbuzi watatu na angetaka kufikisha sita analiona kila siku, ila hajui alipeleke wapi.

Historia ya wenzetu ina somo la karibu sana na hili. Huko Marekani, mwalimu mkuu mstaafu wa Los Angeles, Ethel Percy Andrus, alianzisha mwaka 1947 chama cha kitaifa cha walimu wastaafu. Walimu wale walikuwa na pensheni duni na kampuni za bima hazikutaka kuwakatia bima ya afya kwa sababu ya umri wao. Andrus aligonga milango ya kampuni moja baada ya nyingine hadi mwaka 1956 alipopata iliyokubali. Baada ya hapo, wazee ambao hawakuwahi kushika chaki walianza kuuliza: na sisi je? Angeweza kuwajibu kwamba chama ni cha walimu. Badala yake, mwaka 1958 alianzisha shirika lililofungua mlango kwa wote, ambalo leo linajulikana kama AARP na ni miongoni mwa mashirika makubwa zaidi ya wazee nchini humo. Ujuzi wa mstaafu ulianza kwa kumtetea mstaafu, ukavuka mpaka huo, na kwa kuvuka ndipo ulipopata nguvu.

Mali bila daftari

Watu wengi hudhani kukaa kwenye bodi ni kuhudhuria kikao mara nne kwa mwaka, kunywa chai na kupitisha yaliyoandaliwa. Bodi inayofanya kazi hupitisha bajeti na kuuliza kwa nini haikufuatwa. Humwajiri mratibu, humpima na, ikibidi, humwondoa. Huhakikisha hundi haitoki kwa saini ya mtu mmoja. Husoma ripoti ya mkaguzi hadi ukurasa wa mwisho, kule ambako mkaguzi huandika yale aliyoyaona yakimsumbua. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na asasi nyingi za wazee zimepotea hivyo hasa: hakuna aliyeiba, ila risiti hazikutunzwa, mfadhili akauliza, jibu halikupatikana, na mradi wa kuwanunulia wazee 80 magodoro ukafia hapo.

Sheria nayo haingoji. Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002 inayataka mashirika yawasilishe taarifa ya mwaka kwa Msajili. Asasi zenye bodi ya wadhamini iliyosajiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini, zina marejesho yake pia. Shirika lisilowasilisha taarifa linaweza kufutwa kwenye daftari, na likifutwa, akaunti ya benki nayo inaingia mashakani. Kwa afisa mstaafu aliyezoea makabrasha, kuandaa taarifa hizi ni kazi ya siku chache. Kwa kikundi cha wazee wakulima ni mlima, na mara nyingi huishia kumlipa kijana wa steshenari anayeandika chochote kinachojaza nafasi. Hapo ndipo mhasibu wa vifaranga anapohitajika, na anahitajika kwa saa chache tu kwa mwezi.

Kuna ujuzi mwingine ambao hausemwi sana, nao ni kujua serikali inavyofanya kazi kwa ndani. Kila tarehe 1 Oktoba tunaadhimisha Siku ya Kimataifa ya Wazee, iliyowekwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1990. Wazee huandamana, husoma risala, mgeni rasmi huahidi, watu hupiga makofi. Mwaka unaofuata risala husomwa ileile. Kwa nini? Kwa sababu ahadi ya jukwaani haina kifungu cha bajeti. Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Mipango huibuliwa kijijini na mtaani, hupanda kwenye kata, hujadiliwa na wataalamu wa halmashauri katika miezi ya kabla na baada ya mwaka mpya, kisha Baraza la Madiwani hupitisha, na Bunge hukaa kuanzia Aprili. Risala ya Oktoba isiyofuatiliwa Novemba na Januari imekwisha kazi yake. Afisa mipango mstaafu anajua hayo bila kufungua kitabu. Anajua mwongozo wa bajeti hutoka lini, ni jedwali gani linajazwa, na ni mkuu wa idara yupi anayepaswa kuandikiwa kabla ya kikao cha wataalamu. Mtu mmoja wa aina hiyo kwenye bodi ya asasi ya wazee ya wilaya ana thamani kuliko maandamano matatu, nami nasema hivyo nikiyaheshimu maandamano.

Afya ni eneo jingine lenye utajiri huohuo. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilitamka matibabu bila malipo kwa wazee wasio na uwezo, na katika vituo vingi kuna dirisha la wazee na bango linalowataka watu wampishe mzee. Mzee hupishwa kweli, humwona daktari kweli, kisha huandikiwa dawa akaambiwa akanunue duka la nje kwa kuwa dirishani haipo. Kwa mtu wa kawaida kisa kinaishia kwenye manung'uniko. Muuguzi mkuu mstaafu ataendelea kuuliza. Je, dawa za presha na kisukari ziliwekwa kwenye maagizo ya kituo kwenda Bohari ya Dawa? Zilikuja pungufu? Kamati ya usimamizi ya kituo ina mzee ndani yake? Anajua pia kwamba babu anayepotea njia ya kwake si mlevi wala hajarogwa, ana maradhi ya usahaulifu, na anajua namna ya kuiambia familia kabla haijamfungia ndani.

Na hapo kwenye kurogwa hatuwezi kupita haraka. Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, wazee, hasa wanawake, wameuawa kwa kutuhumiwa uchawi, wengine kwa sababu tu macho yao yalikuwa mekundu kutokana na moshi wa miaka mingi jikoni, na nyuma ya tuhuma mara nyingi palikuwa na shamba linalogombewa. Asasi za wazee zilizojaribu kupambana na ukatili huo zilijifunza kwamba mahubiri hayatoshi. Zilihitaji wasaidizi wa kisheria, hati za kimila za ardhi, wosia ulioandikwa vizuri na uhusiano na polisi. Hakimu mstaafu wa mahakama ya mwanzo ameyaona mashauri ya mirathi kwa mamia. Ujuzi wake ukikaa kibarazani, kuna bibi mahali fulani anayelala na hofu ambayo ingeweza kupunguzwa.

Niongeze jambo moja linaloonekana dogo. Mikataba ya wafadhili, maandiko ya miradi na ripoti nyingi za asasi zetu huandikwa kwa Kiingereza, hata pale ambapo walengwa wote na nusu ya wajumbe hawakijui. Mzee anatia saini asichokisoma. Mjumbe mtaalamu anayekaa na wenzake jioni moja, akawasomea mkataba kifungu kwa kifungu kwa Kiswahili, na akaandika muhtasari wa vikao kwa Kiswahili ili kila mmoja aweze kuuhakiki, amefanya kazi kubwa ya uongozi kuliko hotuba yoyote. Asiyefanya hivyo, akabaki peke yake na siri ya karatasi, ameanza kuwa mwenye mali.

Hatari inayokuja na suti

Tunasema penye wazee haliharibiki neno. Ni kweli pale wazee wanaposikilizana. Mtaalamu mstaafu huja na tabia alizojengewa na ofisi: kuogopwa na walio chini, kupitisha jambo kwa dokezo, kuamini kwamba anayepinga hana nidhamu. Mwalimu mkuu wa zamani hugeuka mwalimu mkuu wa asasi. Anaingia ofisini kila asubuhi, anampangia mratibu safari, anashika funguo za kabati. Mratibu kijana huacha kazi, kwani mwenyekiti tayari anaifanya. Nahodha wengi chombo huenda mrama, na katika asasi ndogo manahodha wawili tu wanatosha kukizamisha. Bodi iongoze, mratibu atende. Mpaka huo uandikwe kwenye katiba na ukumbushwe kila kikao.

Hatari ya pili ni jina. Asasi hupenda kuweka majina makubwa juu ya barua zake: mkuu wa wilaya mstaafu, kamishna mstaafu, profesa. Sina ugomvi na jina kubwa linalofanya kazi. Lakini mjumbe aliyehudhuria kikao kimoja katika mwaka anazuia akidi, anachelewesha saini, na anachukua kiti ambacho karani mstaafu mwenye moyo angekitumia vizuri. Mjumbe asiyehudhuria vikao viwili mfululizo bila taarifa aondolewe, hata kama barabara ya mtaa ina jina lake.

Ya tatu ni maslahi. Lile shirika la Marekani nililolisifu lilijikuta matatani katika miaka ya 1970, lilipolaumiwa hadharani kwa ukaribu wake na kampuni ya bima iliyofaidika na wanachama wake, na ilibidi uhusiano huo uvunjwe. Nia njema ya mwanzilishi haikulikinga. Kwetu mambo huwa madogo kwa kiwango, lakini ni yaleyale: kiwanja cha asasi kinapimwa na kampuni ya mjumbe, chakula cha kongamano kinapikwa na shemeji yake, mwanawe anaajiriwa dereva. Taifa hili lilifundishwa zamani kwamba cheo ni dhamana, na kila mjumbe aandike mwanzoni mwa mwaka ana biashara gani na ndugu gani wanaoweza kuuzia asasi chochote, kisha atoke chumbani jambo hilo linapojadiliwa.

Dawa kubwa kuliko zote, kwa maoni yangu, ni idadi ya viti. Nusu ya bodi, au zaidi, wawe wazee wasio na pensheni: wakulima, wavuvi, mafundi, mama lishe, na wanawake wawemo kwa uzito wao, kwa sababu wajane ni wengi miongoni mwa wazee wanaoishi katika dhiki. Wachaguliwe na mabaraza ya wazee ya vijiji, mitaa na kata, wala wasiteuliwe na wasomi wanaowapenda. Wataalamu wachukue viti vilivyobaki, kila mmoja kwa ujuzi unaokosekana, kwa kipindi cha miaka mitatu kinachoweza kurudiwa mara moja tu. Hapo mhasibu atalazimika kueleza hesabu hadi mvuvi aelewe, na hesabu inayoeleweka kwa mvuvi ni vigumu kuichezea.

Wanaopinga wana hoja

Wapo watakaosema mtu aliyetumika miaka 35 aachwe apumzike. Naiheshimu hoja hii, na hakuna anayepaswa kusutwa kwa kuamua kulima mpunga wake kwa amani. Lakini mapumziko tunayowatakia wastaafu mara nyingi huwa upweke. Simu zilizokuwa zikilia kutwa hunyamaza ndani ya wiki chache. Mtu aliyeshauriwa na kila mtu haulizwi chochote. Bodi inayokutana mara moja kwa mwezi inamrudishia mahali pa kuulizwa, na bado inamwachia siku za shamba na wajukuu. Tena yeye mwenyewe anazeeka. Asasi anayoijenga akiwa na miaka 62 ndiyo itakayomtembelea akiwa na 85.

Wengine watasema pensheni ni ndogo na huwezi kumwomba mtu ajitolee kwa tumbo tupu. Ni kweli, na ndiyo maana sikubaliani na wanaotaka kujitolea kuwe kutoa nauli mfukoni. Asasi irudishe nauli, ilipe chakula cha mchana kikao kikiwa kirefu, inunue vocha ya simu kwa mweka hazina. Hizo ni gharama, na zikitajwa waziwazi kwenye bajeti hakuna aibu. Posho ya kikao ni jambo jingine. Ikishaingia, vikao huongezeka, ajenda hupungua, na fedha ya magodoro huanza kuliwa mezani kwa mafungu. Bodi ya wazee isilipane posho, na mtu asiyeweza kukubali hilo ashukuriwe mapema.

Hoja nzito zaidi ni ile inayosema kujitolea kunaipa serikali kisingizio: kwamba wazee wakijihudumia, dola itakaa pembeni. Hoja hii ingenishawishi kama ushahidi ungeiunga mkono. Tazama Zanzibar. Aprili 2016 serikali yake ilianza kulipa pensheni jamii kwa kila mkazi aliyefikisha miaka 70, shilingi 20,000 kwa mwezi wakati ule, kutoka bajeti yake yenyewe, bila kuuliza kama aliwahi kuajiriwa. Jambo hilo halikuanguka kutoka mbinguni. Lilisemewa kwa miaka, na miongoni mwa waliolisemea ni Jumuiya ya Wastaafu na Wazee Zanzibar, JUWAZA, ambayo ndani yake watumishi wa zamani wanakaa pamoja na wazee wengine. Jirani zetu wa Kenya nao mwaka 2018 waliufanya mpango wa Inua Jamii uwafikie wote wenye miaka 70 na zaidi, kwa shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi. Bara tulikuwa na sera tangu 2003, lakini sera si sheria, na kwa miaka mingi wazee waliendelea kudai sheria huku Zanzibar wakitunga ya kwao mwaka 2020. Dola husukumwa na watu wanaojua mahali pa kusukuma. Mtaalamu mstaafu kwenye bodi anaifanya serikali iwe na mtu wa kumjibu, mtu anayeijua kanuni kwa namba na anayekumbuka alichoahidiwa.

Kuhusu vijana nitasema kidogo. Wapo wanaohofia kwamba bodi za wazee watupu zitachoka mapema, na wana haki. Kiti kimoja au viwili viwe vya vijana, hasa wanaojua mifumo ya kielektroniki ambayo usajili na taarifa za mashirika hupitia siku hizi. Mstaafu afundishe uhasibu, kijana afundishe mfumo, kazi iende.

Pa kuanzia

Mifuko ya hifadhi ya jamii na waajiri huandaa semina za wastaafu watarajiwa. Humo hufundishwa namna ya kufungua madai, kuepuka matapeli wa kiinua mgongo, kufuga kuku, kujenga nyumba za kupangisha. Ni semina nzuri, na ninaomba ziongezewe saa moja. Katika saa hiyo, maafisa ustawi wa jamii wa halmashauri walete orodha ya asasi na mabaraza ya wazee yaliyopo wilayani, na kila asasi iseme wazi inakosa nini: mweka hazina, mtu wa sheria, mtu wa afya, mwandishi wa muhtasari. Wastaafu watarajiwa wajiandikishe kwa hiari, kwa ujuzi wao na si kwa vyeo vyao. Gharama yake ni karatasi na nauli ya mtu mmoja.

Nanyi asasi za wazee, acheni kuwaita wataalamu kukata utepe. Waandikieni barua inayotaja kazi, muda na mwisho wake. Na wewe unayestaafu mwaka huu, ukiipokea barua hiyo, omba kwanza uoneshwe ripoti ya hesabu ya mwaka uliopita. Kama haipo, umeshaijua kazi yako ya kwanza.